Mapigo, Bei na Majigambo: Ufafanuzi wa Mapokeo ya Mashabiki kwa Kadi ya Michoro ya Hadhi ya Juu katika Muktadha wa Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mashabiki wa kompyuta wanavyoipokea kadi ya michoro iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kuzidisha mapigo. Mfano unaochambuliwa ni EVGA GeForce RTX 3090 KINGPIN. Hoja kuu ni kwamba kauli za mashabiki hubeba tathmini za aina tatu, yaani ya kipimo, ya ufundi na ya hadhi, na kwamba msikilizaji asiyezitenganisha anaweza kulipia sifa ambazo mazingira yake hayamruhusu kuzitumia. Hoja hiyo inapimwa kwa kuzingatia joto, hewa na umeme wa Mwanza, na mwisho makala yanapendekeza istilahi zitakazosaidia mjadala huu kuendeshwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kadi ya michoro ni bodi inayobeba kichakataji kinachokokotoa picha zinazoonekana katika kioo cha kompyuta. Katika miaka ya karibuni kazi zake zimepanuka: huhariri video, husanifu majengo, hufunza programu za akili unde na huendesha michezo. Jijini Mwanza wanaoihitaji ni wengi kuliko inavyodhaniwa, wakiwemo wahariri wa video za harusi na za muziki wa injili, wachoraji wa ramani za nyumba, wanafunzi wa mawasiliano ya umma na vijana wa michezo ya kompyuta. Aghalabu watu hawa hufanya uamuzi wa kununua kabla ya kuiona kadi yenyewe, wakitegemea kauli za mashabiki walioitumia au walioisikia. Kwa hiyo kauli hizo zinastahili kuchunguzwa kama matini yenye athari kwa mfuko wa mtu.

Martin na White (2005), katika nadharia yao ya lugha ya tathmini, wanabainisha mielekeo mitatu: hisia za msemaji, hukumu juu ya watu na mwenendo wao, na uthamini wa vitu. Makala haya yanaazima msingi huo, lakini yanaupanga upya kulingana na kitu kinachosifiwa. Kadi ya michoro hupimika kwa namba, na msifiaji wa kitu kinachopimika huwa na deni la ushahidi ambalo msifiaji wa ua au machweo hana.

2.0 Kuzidisha Mapigo

Kichakataji hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya ndani, yanayohesabiwa kwa megahezi. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Kuzidisha mapigo ni kukiamuru kichakataji kipige kwa kasi kubwa kuliko ile iliyowekwa na kiwanda. Gharama yake hutokana na umeme. Kwa makadirio, umeme unaotumika hupanda sambamba na mapigo, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ili mapigo ya juu yawe tulivu, mara nyingi volti nayo hulazimika kuongezwa.

Chukulia kwamba mapigo yameongezwa kwa asilimia 6 na volti kwa asilimia 8. Umeme utazidishwa kwa 1.06 mara 1.08 mara 1.08, yaani takriban 1.24. Kasi iliyopatikana ni asilimia 6, ilhali umeme na joto vimepanda kwa karibu asilimia 24. Mvuvi wa Igombe au Ukerewe anaifahamu kanuni inayofanana na hii bila kuandikiwa: mtumbwi ukishakaribia kasi yake ya kawaida, kuuongezea kasi kidogo hudai injini yenye nguvu kubwa zaidi na petroli nyingi zaidi, kwa sababu ukinzani wa maji hukua haraka kuliko kasi.

Jambo la pili ni kwamba vichakataji vya muundo mmoja havilingani. Vikitoka kiwandani, baadhi huvumilia mapigo ya juu kwa volti ndogo na vingine havivumilii. Watengenezaji huvipima na kuvipanga kwa madaraja, na vile vilivyo bora hutengwa kwa ajili ya kadi za bei ya juu. Biashara ya mabondo ya sangara hufuata mantiki iyo hiyo: samaki ni wa aina moja, lakini bondo la daraja la juu huuzwa kwa bei isiyolingana na la daraja la chini, hata kama tofauti ya uzito si kubwa kwa kiasi hicho.

3.0 Kadi ya KINGPIN

Mwaka 2020 kampuni ya NVIDIA ilitoa RTX 3090 kwa bei ya dola 1,499. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 24, mapigo ya kilele yaliyotajwa ya megahezi 1,695 na matumizi ya umeme ya wati 350. Kampuni ya EVGA ilitumia kichakataji hicho hicho kutengeneza toleo la KINGPIN, lililopewa jina la kiushabiki la Vince Lucido, Mmarekani anayejulikana duniani kwa kuvunja rekodi za kuzidisha mapigo. Bei yake ilikuwa dola 1,999, na mapigo yaliyotajwa yalikuwa megahezi 1,920.

Tofauti nyingine zilikuwa katika bodi yenyewe. Saketi za kudhibiti volti ziliimarishwa. Ziliwekwa soketi tatu za umeme zenye pini nane, kila moja ikikadiriwa kupitisha wati 150. Zikijumlishwa na wati 75 zinazopita katika nafasi ya kadi kwenye bodi kuu, jumla ni wati 525. Upoaji ulitegemea maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta yenye urefu wa milimita 360, na kioo kidogo ubavuni kilionyesha joto na volti. Kulikuwa pia na swichi ya kuchagua kati ya programu tatu za kuanzishia, mojawapo ikiwa ya wale wanaopoza kwa naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka katika nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kwa hesabu ya karatasi, mapigo yalizidi kwa takriban asilimia 13 na bei kwa asilimia 33. Katika matumizi, hata hivyo, pengo la kasi huwa dogo kuliko hilo la asilimia 13, kwa kuwa kadi ya kawaida nayo hupandisha mapigo yake yenyewe kupita namba iliyotajwa pale joto na umeme vinaporuhusu.

4.0 Aina Tatu za Tathmini

Mapokeo ya mashabiki kwa kadi ya namna hii huweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni tathmini ya kipimo. Hapa shabiki hutaja mapigo yaliyofikiwa, joto, wati na idadi ya picha kwa sekunde. Kauli hizi zinaweza kuhakikiwa, mradi masharti ya kipimo yatajwe: joto la chumba, aina ya upoaji na programu iliyotumika. Namba isiyo na masharti yake ni nusu ya ushahidi.

Fungu la pili ni tathmini ya ufundi. Kinachosifiwa hapa ni kazi ya mikono na akili: mpangilio wa saketi, sehemu za kupimia volti moja kwa moja, na uhuru aliopewa mtumiaji wa kuvuka mipaka ya kiwanda. Sifa hizi ni za kweli hata kwa mtu asiyenunua kadi. Mjuzi wa useremala anaweza kuusifu mlango wa Zanzibar bila kuhitaji nyumba ya kuufunga. Kosa hutokea pale uthamini wa ufundi unapofasiriwa kuwa ushauri wa kununua.

Fungu la tatu ni tathmini ya hadhi. Katika fungu hili kadi huwa nembo ya mmiliki. Lugha yake hukaribia majigambo, utanzu wa kughani unaojulikana sana miongoni mwa Wahaya ng’ambo ya magharibi ya ziwa, ambamo mtu hujisifu mbele ya hadhira kwa kutaja matendo yake na silaha zake. Mfanano huu hauidhalilishi kauli ya shabiki. Majigambo yana kanuni zake: mwenye kujigamba hutarajiwa kuwa na tendo alilolitenda, na hadhira humtambua anayejigamba kwa silaha ya kuazima. Mashabiki nao hufanya hivyo hivyo. Aliyevunja rekodi husikilizwa, na aliyenunua tu huulizwa amefanya nini nayo.

Hata malalamiko hufuata mafungu haya. Anayesema bei haiendani na kasi anazungumzia kipimo. Anayesema rejeta ni kubwa mno kwa makasha mengi anazungumzia ufundi. Anayesema kadi hii ni ya matajiri anazungumzia hadhi. Watatu hawa wanaweza kubishana usiku kucha bila kupingana, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake.

5.0 Kauli Hizo Zikifika Mwanza

Kipimo kilichofanywa katika chumba chenye nyuzi 21 hakihamishwi kama kilivyo hadi chumba chenye nyuzi 28, joto la kawaida la mchana Mwanza. Kadi iliyotulia kwa nyuzi 65 huko itakaribia nyuzi 72 hapa, mambo mengine yakibaki sawa. Isitoshe, Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika joto lile lile, hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani, hivyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa yenye uwezo mdogo wa kubeba joto. Rejeta ya maji haiepuki sharti hili, kwa sababu maji nayo hukabidhi joto lake kwa hewa.

Suala la umeme ni zito zaidi. Kadi inayozidishiwa mapigo hadi wati 450 hutumia wati 100 zaidi ya ile ya kawaida. Kwa saa nne kwa siku, siku 30, ongezeko hilo ni uniti 12 za LUKU kila mwezi. Umeme ukikatika, UPS ndogo ya VA 650, ambayo kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, haiwezi kuihimili kadi pekee, achilia mbali kompyuta nzima. Mhariri aliyenunua KINGPIN kwa dola 1,999, sawa na takriban shilingi milioni 4.6 kwa thamani ya mwaka 2021, kabla ya usafirishaji na kodi, angehitaji pia pawa saplai kubwa na UPS kubwa. Mwenzake aliyenunua RTX 3090 ya kawaida angebaki na dola 500 za kugharimia vitu hivyo, na angekosa sehemu ndogo tu ya kasi.

Suala la mwisho ni dhamana. Septemba 2022 EVGA ilitangaza kujitoa katika biashara ya kadi za michoro, huku ikiahidi kuendelea kuzihudumia kadi ilizokwisha kuuza. Ahadi hiyo humfaa zaidi aliye karibu na kituo cha huduma. Kwa aliye Mwanza, kuirudisha kadi ng’ambo ni gharama nyingine, na bodi yenye saketi za pekee haipatiwi vipuri kirahisi.

6.0 Suala la Istilahi

Mjadala huu umeendeshwa hapa kwa istilahi chache: kadi ya michoro, kichakataji, mapigo, kuzidisha mapigo, rejeta. Neno mapigo limechaguliwa badala ya kasi kwa makusudi. Kasi ni matokeo anayoyaona mtumiaji. Mapigo ni kinachobadilishwa na fundi. Lugha inayotumia neno moja kwa yote mawili humfanya msikilizaji aamini kwamba asilimia 13 ya mapigo ni asilimia 13 ya kasi, na hapo ndipo fedha inapopotea. Neno rejeta limechukuliwa kwa mafundi wa magari, kwa kuwa kitu ni kilekile na kazi ni ileile. Historia ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi inaonyesha kwamba watumiaji hawangoji kamati. Neno lililo mdomoni mwa fundi lina nafasi kubwa ya kudumu.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mapokeo ya mashabiki kwa kadi ya hadhi ya juu ni mseto wa kipimo, uthamini wa ufundi na majigambo, na kwamba kila fungu lina ukweli wake. Kwa mnunuzi wa Mwanza, la kwanza ndilo lenye uzito wa fedha, tena baada ya kusahihishwa kwa joto la chumba chake, hewa ya kimo chake na uwezo wa umeme wake. Watafiti wa lugha ya tathmini wanaweza kuupima mgawanyo huu kwa data ya mazungumzo ya Kiswahili kati ya wauzaji na wanunuzi wa vifaa vya kompyuta, ambako sifa moja huweza kuwa ushahidi, pongezi au chambo.