Pampu ya Usukani Inapokufa Mara kwa Mara: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Nyingine

Miongoni mwa mambo yanayokula fedha za vyama vya msingi vyenye magari makuukuu ni kuharibika mara kwa mara kwa pampu ya usukani. Pampu hufungwa mpya, lori hufanya kazi majuma machache, kisha usukani huanza kulia na kuwa mzito kama awali. Kamati huidhinisha fedha za pampu ya pili, na baadaye ya tatu. Madhali mahindi na maharage ya wanachama wa Mawengi hayana budi kupandishwa milima ya Ludewa hadi Njombe, na mengine kufika Makambako, zinapokutana barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, kila siku ambayo lori husimama ni hasara ya wanachama wote.

Lipo pia jambo la usalama. Pampu inapokufa, magurudumu bado huitii mikono ya dereva, kwa kuwa usukani umeunganishwa nayo kwa vyuma. Lakini msaada wa oili hutoweka ghafla, na dereva wa lori lililobeba magunia hulazimika kutumia nguvu nyingi kukata kona. Barabara ya Lusitu hadi Mawengi, yenye kilometa 50, imejengwa kwa zege, lakini zege haliondoi miteremko wala kona kali.

Kazi ya pampu

Msaada huu wa oili si mgeni: gari la abiria la kwanza kuuzwa likiwa nao lilikuwa Chrysler Imperial ya Marekani, mwaka 1951. Pampu huzungushwa na injini, ama kwa mkanda, ama kwa gia. Huvuta oili kutoka katika kopo lake, huisukuma kwa shinikizo kubwa hadi kwenye gia boksi ya usukani, nayo oili hurudi koponi kupitia mpira wa kurudishia. Ndani ya pampu nyingi mna vibapa vyembamba vya chuma vinavyoteleza juu ya utando wa oili. Utando huo ukikosekana hata kwa muda mfupi, chuma husaga chuma.

Ni dhahiri basi kwamba pampu huishi kwa kutegemea oili iliyo safi, ya kutosha na isiyo na hewa. Pampu moja ikifa, huenda ilikuwa mbovu tangu dukani. Zikifa mbili au tatu katika gari lile lile, kosa aghalabu liko nje ya pampu.

Visababishi vikuu

Cha kwanza ni uchafu. Pampu iliyosagika huacha chembe za chuma katika mipira, katika kopo na ndani ya gia boksi. Fundi akifunga pampu mpya bila kuusafisha mfumo mzima, chembe hizo huzunguka na kuikwangua pampu mpya. Hiki ndicho chanzo kinachosahauliwa zaidi, kwa sababu uchafu huo hauonekani kwa nje.

Cha pili ni njaa ya oili. Chujio la koponi likiziba, au utando wa ndani wa mpira wa kuvutia ukibanduka kwa uzee, pampu huvuta bila kupata. Mpira wa namna hiyo huweza kuonekana mzima kabisa kwa nje. Hana budi fundi kuufungua na kuchungulia ndani.

Cha tatu ni hewa. Upande wa kuvutia, klipu iliyolegea huingiza hewa injini inapozunguka, wala si lazima oili idondoke. Dalili yake ni povu koponi na mlio wa usukani.

Cha nne ni joto. Dereva anayekata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo huilazimisha pampu kufanya kazi kwa shinikizo la juu kabisa, na oili huchemka. Asizidishe sekunde 5. Vivyo hivyo, kingpini zilizokauka grisi na magurudumu yenye upepo mdogo huutwisha usukani mzigo usio wake.

Cha tano ni mkanda. Ukikazwa kupita kiasi, au puli zake zisipokuwa katika mstari mmoja, huiua beringi ya mbele pamoja na oili sili.

Cha sita ni oili isiyostahili. Itumike ile tu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe: huharibu sili na mipira ya usukani.

Utaratibu wa uchunguzi

1. Oili ya koponi itazamwe. Povu ni hewa. Weusi na harufu ya kuungua ni joto. Kumetameta ni chuma kilichosagika.

2. Kiasi cha oili kipimwe kila asubuhi. Ikiwa inapungua na hakuna tone chini, na pampu ni ya kuzungushwa kwa gia, kipimo cha oili ya injini kitazamwe: huenda kinapanda, kwa kuwa sili ya pampu inavujia ndani ya injini.

3. Mbele ya gari iinuliwe, injini ikiwa imezimwa, na usukani uzungushwe kwa mkono. Ukiwa mzito hata hapo, kasoro iko katika kingpini, viungo au gia boksi.

4. Shinikizo lipimwe kwa geji iliyofungwa kati ya pampu na gia boksi, kwa kufuata kitabu cha gari. Vali ya geji isifungwe zaidi ya sekunde 5. Shinikizo likifika kipimo kilichowekwa, pampu ni nzima na isibadilishwe.

Pampu mpya inapofungwa

Kopo lioshwe, chujio libadilishwe, na mipira mizee itupwe. Mpira wa kurudishia utolewe na kuelekezwa katika chombo, tundu lake koponi lizibwe, kisha oili mpya iongezwe huku usukani ukizungushwa kwa mkono upande hadi upande, mpaka itoke safi. Oili iliyotoka isirudishwe. Mfumo ukiisha kuunganishwa, usukani uzungushwe tena taratibu kabla ya kuwasha injini, huku kopo likijazwa, hadi mapovu yaishe. Ikiwa pampu iliyotangulia ilisagika vibaya, gia boksi nayo ifunguliwe na kusafishwa.

Wajibu wa kamati

Kamati isiidhinishe pampu ya pili kabla ya kupokea maelezo ya fundi kuhusu kilichoiua ya kwanza. Pampu ya zamani ifunguliwe mbele ya mjumbe mmoja, na hali ya vibapa, beringi na sili iandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe na kilometa. Bei ya chujio, klipu na oili safi ni ndogo ikilinganishwa na ya pampu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa fedha za wakulima.