Fimbo ya mbali na swichi ya Huruma

Mgeni aingiapo mtaa wa Huruma, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kitu cha kwanza kinachomlaki ni nguo zilizoanikwa kwenye roshani za majumba ya ghorofa sita na saba, yaliyosongamana hata jua la saa sita hulazimika kupenya kwa ubavu. Lakini kuna jambo ambalo mgeni halioni ilhali mwenyeji analijua fika. Maisha ya majumba hayo hutegemea pampu moja ndogo iliyofichwa chini ya ngazi. Maji ya mfereji huja kwa zamu. Yajapo, sharti yavutwe upesi hadi kwenye matangi yaliyo juu ya paa kabla hayajakatika. Pampu ikichelewa kuwashwa, ghorofa za juu hushinda na kiu, na wachuuzi wa mitungi hupata soko.

Mama yangu anaishi ghorofa ya nne katika jumba mojawapo. Mwaka jana mwenye nyumba, ambaye haishi Huruma, alitia swichi mpya kwenye pampu hiyo, mojawapo ya zile zinazowashwa kwa simu na ambazo siku hizi huitwa swichi janja. Aliweza kuiwasha na kuizima akiwa kwake, na msimamizi wa ploti akapewa ruhusa iyo hiyo kwenye simu yake. Swichi yenyewe ilifungiwa ndani ya kisanduku chenye kufuli ili watoto wasiichezee, na ufunguo akabaki nao mwenye nyumba. Wapangaji walifurahi. Mimi mwenyewe, nilipoonyeshwa, niliisifu.

Alfajiri moja maji yakaja. Msimamizi akabonyeza simu yake, simu ikamjibu kwamba kifaa hakipatikani. Stima zilikuwapo. Ruta ilikuwa ikimetameta ukutani, hatua kumi kutoka kwenye pampu. Hitilafu ilikuwa kwenye mitambo ya kampuni iliyotengeneza swichi ile, katika nchi ambayo hapana mpangaji hata mmoja aliyewahi kuikanyaga. Mwenye nyumba alipowasili na ufunguo, mabomba yalikuwa yamekwisha kukauka. Mama, ambaye umri wake umepita miaka 70, alinunua maji ya mitungi siku hiyo, akalipa tena ili apandishiwe ngazi. Jioni aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la papo kwa papo: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu nieleze. Pampu iko hapa, swichi iko hapa, na anayeibonyeza yuko hapa. Ni nani basi aliyekuwa hayupo?"

Nimelitafakari swali hilo kwa muda, na ninadhani linawahusu Wakenya wengi kuliko wapangaji wa jumba lile.

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi wetu kwamba kauli ya amri ndiyo sura fupi kabisa ya kitenzi cha Kiswahili. "Washa", "zima", "funga": ni mzizi na irabu tamati tu, pasipo kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Ufupi huo una sababu. Mwenye kuamuru na mwenye kuamriwa wako pamoja, na wakati ni huu huu, basi hakuna haja ya kuyataja hayo. Swichi ya kawaida ya ukutani ilikuwa amri ya namna hiyo. Kidole kilisema "washa", na taa ikawaka.

Swichi ya pampu ile haikufanya kazi hivyo. Msimamizi alipobonyeza simu, ujumbe wake haukwenda kwenye pampu. Ulitoka Huruma, ukapitia nyaya zilizolala chini ya bahari, ukafika kwenye kompyuta ya kampuni, ukakaguliwa kama msimamizi ni mteja anayetambulika, ndipo jibu likarejea Huruma kuiambia swichi ifanye kazi. Siku mambo yakienda vyema, safari hiyo humalizika kabla mtu hajapepesa jicho, na ndiyo maana hatuitambui. Lakini kwa kweli amri imekwisha kugeuka ombi, na kitenzi kimeingia katika kauli ya kutendwa: "na iwashwe". Je, iwashwe na nani? Huyo ndiye aliyekuwa hayupo.

Kompyuta hizo za mbali tumezoea kuziita wingu. Neno hili ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na ninahofia kwamba limetupumbaza. Wingu tunalolijua ni la Mungu, halina mwenyewe, na likinyesha hunyeshea wote. Wingu hili la kompyuta ni ghala lenye mwenyewe, tena mwenyewe anayelipa ankara za umeme na kupiga hesabu ya faida kila mwaka. Hesabu ikikataa, ghala hufungwa. Nalo neno "janja" lina maana mbili, kwani mjanja ni mwerevu na mjanja pia ni laghai. Mnunuzi hana budi kuuliza ni maana ipi iliyomo ndani ya kasha.

Msomaji asidhani kwamba kadhia hii ni mpya kwetu. Katika miaka ya 1990 barua ya elektroniki iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi ofisi iliyo upande wa pili wa barabara iliweza kurushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo kisha ikarudishwa, maadamu ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni mbili tofauti za intaneti. Mwishoni mwa mwaka 2000, kampuni hizo, chini ya chama chao cha TESPOK, zilifungua hapa Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano kiitwacho KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa bado na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya kupewa leseni. Tangu hapo neno la Nairobi kwa Nairobi likaweza kumalizikia Nairobi. Inashangaza kwamba, baada ya ushindi huo, tumeurudisha mtindo ule ule wa zamani ndani ya nyumba zetu, tena kwa fedha zetu wenyewe.

Hatari zake zimekwisha kuonekana. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Waya huweza kuungwa. Kampuni iliyofunga ghala lake ni msiba mwingine. Mei 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, ilizima huduma ya Revolv, mtambo wa kuendeshea vifaa vya nyumbani uliokuwa ukiuzwa kwa takriban dola 300. Watu waliounuwa kwa halali wakabaki na sanduku lisilofanya lolote. Aprili 2022 mitambo ya kampuni ya Insteon ya Marekani ilinyamaza bila wateja kuonywa, hadi kundi la wateja wenyewe liliponunua mali ya kampuni hiyo na kuifufua huduma. Julai 2025 Belkin ilitangaza kwamba huduma ya vifaa vyake vingi vya Wemo ingekoma Januari 31, 2026. Ikiwa haya huwapata wenye kununua Marekani, sembuse sisi tunaoletewa bidhaa hizi na wafanyabiashara wasio na hata anwani ya aliyeziunda?

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya jumba lile imekwisha kusogezwa karibu, na aliyeisogeza ni kijana mmoja fundi wa Kariobangi, jirani na Huruma, aliyeitwa na mwenye nyumba baada ya wapangaji kulalamika. Niliomba nihudhurie.

Kwanza aliikata swichi kabisa kutoka kwenye umeme, akanionya kwamba anayeifungua ikiwa ingali imeunganishwa na stima anachezea roho yake. Ndani yake mlikuwa na chipu aina ya ESP8266, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, na ambayo imo katika vifaa vingi vya bei nafuu. Akaunganisha nyaya nne nyembamba baina ya chipu na kompyuta yake, akaipa nguvu ya volti 3.3 tu, huku ameshikilia kitufe cha swichi. Kitufe hicho kikishikiliwa hivyo, chipu huamka ikiwa tayari kupokea mafunzo mapya. Akaifuta programu ya kampuni, akatia nyingine iitwayo Tasmota, ambayo hutolewa bure na ambayo mwanzilishi wake ni Mholanzi Theo Arends. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Baada ya hapo simu ya msimamizi ilizungumza na swichi moja kwa moja kupitia ruta ya ukutani, bila bando na bila kuuliza ng'ambo. Fundi akaongeza boya ndani ya tangi la juu, ili maji yakijaa pampu izimike yenyewe. Kisha akaweka kijikompyuta kidogo chenye programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, ili kiwe mwangalizi wa jumba zima. Mwenye nyumba bado anaweza kutazama pampu akiwa kwake intaneti inapokuwapo. Isipokuwapo, anayekosa habari ni yeye peke yake, na maji ya wapangaji hupanda.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa, nitaje na gharama zake. Swichi iliyofanyiwa hivyo hupoteza dhamana ya muuzaji. Chipu yenyewe haina saa ya kudumu. Stima zikipotea husahau wakati, na kwa desturi huuliza intaneti, kwa hiyo fundi alilazimika kutia saa yenye betri kwenye kile kijikompyuta. Aidha, si kila swichi hukubali kufundishwa upya. Matoleo mengi ya karibuni yana chipu nyingine, au yamefungwa na watengenezaji yasifunguliwe. Na kubwa zaidi, masahihisho ya usalama ambayo kampuni ilikuwa ikiyaleta sasa ni jukumu la fundi, na fundi ni mtu, aweza kuhama. Wanaotetea wingu husema hayo, nao wana haki.

Hata hivyo, hoja yao haijibu swali la mama. Kukubali msaada wa mbali ni jambo moja, na kufanya msaada huo uwe sharti la kuwasha taa ya ngazi ni jingine. Huduma ya mbali na iwe nyongeza. Kiwango cha kimataifa kiitwacho Matter, kilichotolewa Oktoba 2022, kimeundwa ili vifaa vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba, jambo linaloonyesha kwamba watengenezaji wakubwa wanajua yawezekana. Uingereza nayo, tangu Aprili 29, 2024, inamlazimu mtengenezaji kutaja ni muda gani wa chini kabisa atakaoendelea kutoa masahihisho ya usalama.

Sisi tungeweza kwenda hatua moja mbele. Shirika letu la kukadiria ubora wa bidhaa lidai kwamba swichi yoyote iingiayo nchini iandikwe waziwazi juu ya kasha, kwa Kiswahili na Kiingereza, kama itafanya kazi intaneti ikikatika. Vyuo vya ufundi vifundishe kazi aliyoifanya kijana yule, tena vianze na somo la kukata umeme. Tunayo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Orodha ya saa ambazo taa za mtu huwaka na kuzimika ni habari ya lini yumo na lini hayumo, na wateja wanastahili kuambiwa habari hiyo inahifadhiwa wapi. Nao wenye nyumba, kabla hawajatoa fedha, wamuulize muuzaji swali moja tu: kampuni hii ikifungwa kesho, pampu yangu itawaka?

Siku ya zamu iliyofuata nililala kwa mama makusudi. Maji yalikuja kabla ya adhana ya alfajiri. Msimamizi akabonyeza simu, na pampu ikanguruma chini ya ngazi. Mama alisikiliza hadi boya lilipoizima, kisha akasema kwamba boya peke yake lingetosha tangu mwanzo, na kwamba waliosoma hupenda kuzunguka. Sikumbishia. Nilichukua sufuria nikaenda kukinga maji ya chai.