Betri za droni ndani ya nyumba: Tusilale na moto tusiouona

 

Imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba usiku mmoja nyumba iliteketea katika mji wa Madina pamoja na watu waliokuwamo. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwafahamisha masahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaagiza wauzime wanapokwenda kulala. Katika mapokezi ya Jabir (R.A.) imetajwa pia sababu ya agizo hilo: panya huweza kuuburuta utambi wa taa na kuwaunguzia watu nyumba yao.

Ndugu msomaji, katika kata ya Munanila, na katika vilima vyote vya Buhigwe, Kasulu na Kibondo, utambi wa koroboi unazidi kutoweka. Mahali pake pameingia waya wa chaja. Familia nyingi zina simu, taa ya sola na pawabenki. Vijana wanaopiga picha za harusi, au wanaopima mashamba, wameanza kuleta majumbani betri za droni, yaani zile ndege ndogo zisizo na rubani. Betri hizo hazina mwali wala moshi, na kwa sababu hiyo hakuna anayezidhania kuwa moto. Huwekwa juu ya godoro, zikachomekwa kwenye umeme, na watoto wakalala pembeni yake.

Droni si jambo geni tena

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani kwa droni ndogo, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakashiriki. Mwaka 2018 droni ya Wingcopter, katika majaribio yaliyofanywa na kampuni ya DHL pamoja na shirika la GIZ la Ujerumani, ilisafirisha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Ilikata masafa ya kilomita 60 kwa takriban dakika 40. Jirani zetu wa Rwanda wamekuwa wakipeleka damu hospitalini kwa droni tangu mwaka 2016.

Hizi ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa vizuri. Mwenye droni anatakiwa kwanza kufuata taratibu na vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), hasa sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Burundi. Hata hivyo, kibali cha kurusha hakimlindi mtu na kile anachokihifadhi chini ya kitanda.

Kilichomo ndani ya betri

Betri nyingi za droni ni za lithiamu polima. Ndani yake mna seli, na kila seli ina tabaka nyembamba zilizokunjwa au kupangwa pamoja, zikitenganishwa na utando mwembamba sana uliolowana kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Badala ya kufungwa katika kopo gumu la chuma, seli hizo hufungwa katika mfuko laini. Ndiyo maana ni nyepesi na huweza kuinua droni, na ndiyo maana pia huumia upesi zikianguka, zikibanwa au zikitobolewa.

Utando ule ukipasuka, pande mbili za seli hugusana na joto hupanda ghafla. Joto hilo huzalisha joto jingine, na seli moja huiambukiza ya pili. Ikifikia hapo, kuichomoa betri kwenye umeme hakusaidii tena, kwa kuwa nguvu inayouchochea moto imo ndani ya betri yenyewe. Moshi wake una sumu inayodhuru mapafu na macho.

Hata mashirika makubwa yenye wataalamu yameonja msiba huu. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena yenye betri za lithiamu. Moto ulizuka humo ndani, ndege ikaanguka, na marubani wote wawili wakafariki. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikiwaka moto.

Kuchaji kwa salama

Seli moja ya lithiamu polima hutajwa kuwa ya volti 3.7. Ikijaa hufika volti 4.2, na haifai kuvuka hapo hata kidogo. Haifai pia kushuka chini ya volti 3.0, kwani seli iliyonyonywa mno huharibika ndani, na huwa hatari inapochajiwa tena. Betri yenye seli nne basi hujaa kwa volti 16.8.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni chaja yake hasa. Chaja ya betri za droni hupima kila seli peke yake na kuzisawazisha, ili moja isijae kupita kiasi huku nyingine ikiwa na njaa. Kuunganisha betri hiyo moja kwa moja na paneli ya sola, au na betri ya pikipiki, au na chaja ya kuokoteza yenye pini inayofanana, ni kucheza na roho za watu.

Sharti la pili ni kutoharakisha. Kipimo cha tahadhari ni kwamba betri ya milliampea-saa 5,000 ichajiwe kwa ampea 5 au chini ya hapo, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu zaidi.

Sharti la tatu ni muda na mahali. Umeme wa gridi ya Taifa ulipofika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, wengi walipata nafuu kubwa. Hata hivyo umeme hukatika, na watu wamezoea kuacha vitu kwenye soketi usiku kucha ili ukirudi usiwapite. Kwa betri ya droni mazoea haya yaachwe. Ichajiwe mchana, au baina ya Magharibi na Isha, mtu mzima akiwa macho na karibu. Iwekwe juu ya sakafu ya saruji, tofali au sahani ya udongo, mbali na pazia, chandarua, mkeka na magunia ya mahindi. Betri iliyotoka kutumika iachwe kwanza ipoe.

Isichajiwe mlangoni. Nyumba nyingi za vijijini zina mlango mmoja. Moto ukianzia hapo, watu wa ndani hawana pa kutokea.

Kuhifadhi

Betri isihifadhiwe ikiwa imejaa, wala ikiwa tupu. Ikiwa droni haitaruka kwa siku kadhaa, kila seli ibakizwe karibu na volti 3.8, yaani takriban nusu ya ujazo wake. Chaja nyingi za kazi hii zina sehemu maalumu ya kuifikisha betri katika kiwango hicho, na baadhi ya betri za kisasa hujipunguza zenyewe baada ya siku chache.

Mahali pa kuhifadhi pawe pakavu na pa baridi. Hali ya hewa ya nyanda zetu za juu inasaidia katika jambo hili, lakini chini ya bati joto la mchana ni jingine, na ndani ya gari lililofungwa juani ni zaidi. Wakati wa masika unyevu nao huozesha viunganishi. Debe la chuma lenye mchanga mkavu chini yake linafaa, ila mfuniko usikazwe, ili gesi ipate njia ya kutoka na debe lisigeuke bomu. Kila betri itenganishwe na mwenzake, na ncha za waya zifunikwe zisigusane. Petroli, mafuta ya taa na mtungi wa gesi viwe mbali. Watoto wasifikie.

Betri iliyovimba imekwisha kazi. Baadhi ya vijana huitoboa kwa sindano ili itoe hewa na kurudi bapa. Hiyo si hewa, ni gesi inayowaka, na sindano hiyo ndiyo kiberiti. Itolewe nje ya nyumba, isichajiwe tena, na irudishwe kwa muuzaji au fundi anayeweza kuifikisha panapostahili. Isitupwe katika shimo la takataka linalochomwa moto.

Moto ukitokea

Kwanza toeni watu, wakiwamo wagonjwa na wazee, na mfunge mlango nyuma yenu ili moshi usisambae. Kama inawezekana bila hatari, zimeni umeme kwenye swichi kuu. Kisha umeme ukiwa umezimwa, na betri ikiwa ni ndogo, mwagieni maji mengi mkiwa mbali, kwani maji huipoza na kuzuia seli zilizobaki zisilipuke. Msisogelee moshi wake. Betri iliyozimika huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, basi ibaki nje uwanjani, mbali na nyumba. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini kijijini gari huchelewa kufika, na majirani ndio msaada wa mwanzo.

Wasafiri wa Hija na Umra

Kanuni hizi zinawahusu pia mahujaji wetu. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Hesabu yake ni nyepesi: milliampea-saa hugawanywa kwa 1,000, kisha huzidishwa kwa volti. Pawabenki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, nayo inakubalika. Iliyo baina ya 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Hukumu na amana

Wanachuoni walipoisherehesha Hadithi ya kuzima taa waliitazama sababu yake. Imam an-Nawawi (R.A.) alieleza kuwa agizo linahusu kila moto, na kwamba taa za kutundikwa, zikiwa zimesalimika na hatari hiyo, hazina ubaya kubakishwa, kwa kuwa sababu ya kukatazwa haipo. Kwa mizani hiyo, simu iliyopoa yenye chaja nzuri haitakuwa sawa na betri ya droni iliyovimba, iliyochomekwa usiku kando ya chandarua. Palipo na hofu ya kuungua, sababu ya agizo ipo, hata kama mwali hauonekani.

Lipo pia suala la haki za wengine. Nyumba zimebanana, na moto wa chumbani kwangu huishia kwenye paa la jirani. Sheria yetu imejengwa juu ya msingi wa kutodhuru na kutodhuriana. Kadhalika mwenye kibanda anayechaji vifaa vya watu kwa malipo amepokea amana, na amana hailindwi kwa kuchomeka betri kumi kwenye ekstensheni moja kisha kwenda kulala.

Enyi kina baba na kina mama, kabla ya kusoma dua za kulala, zungukeni nyumba. Fungeni milango, funikeni vyombo, na mkague soketi kama wazee wetu walivyokagua taa. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah.

Allah azihifadhi nyumba zetu na vizazi vyetu. Amin.