Ukucha Mweusi Hauhitaji Kung'olewa

Msimu wa korosho ukifika wilayani Tandahimba, kwenye uwanda wa Makonde, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, vidole hupata kazi nyingi na misukosuko mingi. Gunia linamponyoka mpakiaji ghalani na kutua juu ya dole gumba la mguu. Mama anayebangua kwa mkono anakosa ganda na kujigonga kidole. Mchonga vinyago kule Newala anapiga patasi kwenye mpingo, nyundo inateleza. Mwanafunzi anacheza mpira pekupeku na kujikwaa kwenye kisiki. Wote hao huishia mahali pamoja: kidole kinavimba, kinapwita usiku mzima, na asubuhi ukucha umegeuka mweusi.

Hapo ushauri huwa mwingi. Huyu anasema kichuliwe kwa maji ya moto, yule anasema ukucha umekwisha kufa, ung'olewe upesi ili mwingine uote. Sayansi ya tiba imelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na majibu yake yanampa mtu wa kawaida nafuu kuliko anavyotarajia.

Tuanze na kinachotokea. Kidole kinapopondeka, mishipa midogo ya damu hupasuka. Damu ikiwa chini ya ngozi hupata nafasi ya kusambaa, na maumivu hupungua taratibu. Ikivilia chini ya ukucha haina pa kwenda, kwa sababu juu yake kuna ukucha mgumu na chini kuna mfupa. Shinikizo linaongezeka, na mahali hapo pana mishipa mingi ya fahamu. Ndiyo maana jeraha dogo la ncha ya kidole linaweza kumkosesha usingizi mtu mzima.

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini kwamba damu ikienea nusu ya ukucha au zaidi, ni lazima ukucha ung'olewe ili nyama iliyochanika chini yake ishonwe. Hoja ilikuwa na mantiki, ila haikuwa imepimwa ipasavyo. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya ufuatiliaji wa kucha 48 zilizovilia damu. Zote zilitobolewa tundu dogo tu ili damu itoke. Hakuna mgonjwa aliyepata maambukizi ya kidole wala ya mfupa, na hakuna ukucha uliootea vibaya sana. Mwaka 1999 ukafuata uchunguzi wa watoto 52. Baadhi yao waling'olewa ukucha na kushonwa, wengine walitobolewa au waliachwa bila kuguswa. Walipofuatiliwa, vidole vya makundi yote mawili vilipona sawa. Tofauti kubwa ilikuwa gharama: kung'oa na kushona kulikula fedha nyingi zaidi.

Idadi hizo si kubwa, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo, mapitio ya baadaye yamekubaliana nazo, na leo mwongozo unaofuatwa na wengi ni huu: ikiwa ukucha bado umeshika mahali pake na kingo zake hazijachanika, uachwe. Ukucha huo huo, hata ukiwa mweusi, ndio unaoilinda nyama laini iliyo chini yake. Kama maumivu hayavumiliki, mhudumu wa afya hutoboa tundu kwa sindano safi au kwa ncha iliyopashwa moto. Ukucha wenyewe hauna mishipa ya fahamu, kwa hiyo kazi ikifanywa vizuri mgonjwa hasikii maumivu makubwa. Damu inatoka na nafuu inapatikana palepale. Faida hiyo hupatikana zaidi katika siku moja au mbili za mwanzo, damu ikiwa bado majimaji. Ikishaganda na maumivu yakishatulia, kutoboa hakuna maana.

Onyo moja hapa: hii si kazi ya kufanyia nyumbani kwa pini au mwiba. Mfupa uko karibu sana na ukucha, na sindano chafu inaweza kupeleka vijidudu mahali ambapo kuvitoa ni vigumu. Zahanati ndiyo mahali pake.

Kinachowezekana nyumbani ni hatua za kwanza. Vua pete mara moja, kabla uvimbe haujaibana. Inua mkono au mguu uwe juu kuliko moyo. Poza kidole kwa dakika 10 hadi 20, kisha upumzike na kurudia. Vitabu vya tiba husema barafu, lakini katika vijiji vingi vya uwanda wa Makonde barafu ni anasa, na hata maji yana thamani yake. Udongo wa kichanga hunywa mvua yote, na kwa miongo mingi maji ya bomba yamekuwa yakisukumwa kutoka visima vya bondeni Mitema. Basi kitambaa kilicholowekwa kwa nusu kikombe cha maji ya mtungi kinatosha. Upepo ukikipiga, kinapoa zaidi. Mwenye barafu aifunge kwa kitambaa, asiiweke kwenye ngozi tupu. Tusitie chumvi, hata hivyo: ubaridi hupunguza maumivu, lakini ushahidi kwamba unaharakisha kupona ni mdogo. Kuchua na maji ya moto viepukwe siku mbili za kwanza, kwa sababu vinaweza kuongeza damu inayovuja. Panadol kwa kipimo chake inafaa. Aspirini huzuia damu kuganda, na watoto hawapaswi kupewa bila agizo la daktari.

Ngozi ikichanika, osha kwa sabuni na maji safi, funika, kisha uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo huishi kwenye udongo na samadi. Kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita. Akina mama huongezewa chanjo wakiwa wajawazito kliniki. Wanaume hawana kliniki ya namna hiyo, hivyo wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni.

Kulitambua jeraha nako kunataka jicho la mahali petu. Vitabu vingi huelezea wekundu na rangi ya samawati, alama zinazoonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, linganisha kidole kilichoumia na mwenzake wa upande wa pili: je, kimekolea weusi, kimevimba, kina joto, kinauma ukikibonyeza? Kwa wabanguaji kuna mtego mwingine. Mafuta ya ganda la korosho hutia doa jeusi na kuunguza ngozi, na doa hilo huweza kudhaniwa kuwa damu iliyovilia. Mahali hapo huwasha na kubambuka, na dawa yake ni kuosha kwa sabuni na kujikinga kwa glavu.

Kidole kilichopinda, kisichokunjika, chenye ganzi au kilichochanika hadi ndani kipelekwe kupigwa eksirei, iwe hospitali ya wilaya au ile ya Ndanda kule Masasi. Vivyo hivyo kidole cha mkono ambacho ncha yake imelegea na haiwezi kunyooka yenyewe. Hapo mshipa unaonyoosha ncha umekatika, na tiba ni gango la kukiweka wima bila kukunjwa kwa wiki 6 hadi 8. Kukichua hakuungi mshipa huo. Mwenye kisukari naye asisubiri maumivu, maana ganzi ya miguu huweza kuficha jeraha kubwa. Na mtoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili anayevimba vidole vya mikono au miguu bila kugongwa na chochote apimwe sikoseli. Uvimbe huo huweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa huo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao.

Baada ya hapo kazi kubwa ni subira, na subira hiyo ina kipimo. Daktari mmoja wa Marekani alipima ukuaji wa ukucha wake kwa miaka 35. Alipokuwa na umri wa miaka 32 ulikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika 67 ukawa umepungua hadi 0.095. Kwa wastani kucha za mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na za mguu karibu nusu ya hapo. Ndiyo sababu ukucha wa mkono huchukua miezi kama sita kujirudishia wote, na wa dole gumba la mguu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kipimo hicho kinaweza kuokoa maisha. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha, nyuma yake ukucha safi unafuata. Piga picha kwa simu leo, kisha nyingine mwezi ujao, na uzilinganishe. Weusi usiosogea, mstari mmoja mpya unaopanuka, au rangi inayomwagikia ngozi ya pembeni, vyote vinahitaji daktari, kwani huenda ni saratani iitwayo melanoma. Mwanamuziki Bob Marley alidhaniwa kuwa na jeraha la mpira kwenye dole la mguu. Mwaka 1977 ikabainika kuwa ni saratani hiyo chini ya ukucha, na mwaka 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Saratani hii ni nadra, na mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa Waafrika wengi. Lakini melanoma inapowapata watu weusi, mara nyingi huanzia kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha.

Maarifa haya hayahitaji mtambo wa gharama. Yanahitaji mhudumu wa zahanati aliyefundishwa kutoboa tundu safi, viatu vya kufunika vidole kwa wapakiaji wa maghala, na dakika chache za mazungumzo katika mkutano wa chama cha msingi cha wakulima kabla mnada wa korosho haujaanza. Mkulima akijua ukucha upi wa kuachwa na upi wa kupelekwa hospitali, ataokoa fedha za upasuaji usio wa lazima na siku za kazi ambazo msimu hauzirudishi.