Baiskeli za jiji zifike mtaa gani? Wacha nieleze

Uzi wa leo ni baiskeli za kukodi za jiji. Kuna mtu aliniuliza kwa nini huu mjadala huleta vita kwenye mabaraza ya miji huko nje, na ni baiskeli tu. Kaa hapa dakika tano.

Kwanza, inavyofanya kazi. Unafungua baiskeli kituo kimoja kwa simu ama kadi, unaendesha, unaifunga kituo kingine. Unalipia muda. Vita huanza mtu akiuliza: vituo vipya viende mtaa gani, na nani alipe?

Nitatumia Chicago, manake binamu yangu anaishi upande wa kusini wa lile jiji na hii stori nimeisikia kwake miaka mingi. Mfumo wao unaitwa Divvy, ulianza 2013. Vituo vya kwanza vilijaa katikati ya jiji na mitaa ya karibu. Sehemu kubwa ya kusini na magharibi, wanakoishi watu weusi na Walatino wengi, ilisubiri, na vituo vilipofika vilikuwa vimeachana sana.

Hapo kwa kuachana ndipo wengi hupitwa. Wapangaji wa hii mifumo hupendekeza kituo kila mita 300 hivi. Hakuna mtu atatembea robo saa kutafuta baiskeli ya kumwokolea robo saa. Sasa ukiweka mita 600, hujapunguza vituo kwa nusu. Umebakisha robo, kwa sababu mtaa una urefu na upana.

Fikiria Thika Road iwe na stage mbili tu, Ngara na Roysambu. Mwaka ukiisha mtu asimame na karatasi aseme: "Mnaona? Watu wa Pangani hawapendi matatu."

Kwa hivyo ukisikia "takwimu zinaonyesha hawazitumii", takwimu zaweza kuwa za kweli kabisa. Uliza tu vituo vilikuwa umbali gani.

Hoja ya pesa sasa. New York ilianza Citi Bike 2013 kwa pesa za mdhamini na ada za watumiaji, bila ruzuku ya jiji ya kuiendesha. Mlipa kodi hajaguswa, watu wakapiga makofi. Sawa, lakini Bronx ilikaa hadi 2020. Kampuni ikijitegemea huanza kwenye wateja wengi, na siwezi kuilaumu, ndiyo biashara. Jiji likitaka ifike kwingine, ama lilipe ama liandike kwenye mkataba. Chicago iliandika: 2019 baraza liliidhinisha mkataba ambao Lyft ingewekeza dola milioni 50 na baiskeli zifike wadi zote 50, nayo kampuni ikaendesha mfumo kwa miaka 9.

Wanaopinga wana lao pia, tusiwadharau. Asubuhi baiskeli zote hukimbilia mjini, vituo vya huko vinajaa, vya mitaani vinabaki vitupu, na lazima lori lizirudishe. Hiyo ni pesa kila siku. Halafu wanauliza, si afadhali mabasi? Hilo swali mimi huliheshimu. Lakini mahali basi hupita mara moja moja, baiskeli ya kukufikisha stesheni si mshindani wake.

Na kituo peke yake hakitoshi. Kama lazima uwe na kadi ya benki, kuna watu umewafungia nje. Chicago ilianzisha 2015 mpango wa watu wa kipato cha chini, dola 5 kwa mwaka wa kwanza, na wangeweza kulipa pesa taslimu. Halafu 2017 gazeti la Chicago Tribune likaripoti kwamba polisi walikuwa wakiwapiga waendesha baiskeli faini nyingi zaidi mitaa ya watu weusi kuliko ya wazungu. Sasa wewe ungepanda?

Binamu yangu alipoletewa kituo karibu na kwake hakufurahi. Aliniambia, "Tumeomba taa za barabara miaka hiyo yote, leo ndio wanaleta baiskeli? Za nani?" Aliogopa ni dalili kwamba wapangaji wapya wenye pesa wako njiani. Siku hizi huitumia kwenda kupanda treni. Kodi yake ya nyumba pia imepanda, na bado hajaamua kama hivyo viwili vinahusiana.

Mtaniuliza, na Nairobi je? Kaunti ina sera ya usafiri wa miguu na baiskeli tangu 2015, na karibu safari 4 kati ya 10 hapa ni za kutembea. Tenda kama hiyo ikija, mimi nitafungua ramani kabla ya ukurasa wa bei. Nikikuta vituo 40 Kilimani na 2 Kayole, najua ripoti ya mwaka ujao itasema nini kuhusu watu wa Kayole.