Njia panda ya Awasse: niuze nini leo?

Barabara inayotoka Pemba kupitia Macomia hufika Awasse, wilayani Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, ikakutana na ile inayounganisha Mueda na bahari. Ukitokea kusini, kulia ni pwani, kushoto ni uwanda wa juu wa Wamakonde. Anayetandika turubai mahali kama hapa ana swali moja kila alfajiri: niuze nini?

Wengi hulijibu kwa kumtazama jirani. Mwenzao akiuza nyanya zikaisha kabla ya adhuhuri, kesho yake kila turubai lina mafungu ya nyanya. Bei huporomoka, jua huwaka, na jioni nusu ya mtaji imelainika vidoleni. Njia panda inadai macho ya namna nyingine. Kabla ya kumtazama jirani, itazame barabara: nani anapita, anatoka wapi, na huko aendako kunakosekana nini?

Uwanda wa Mueda una muhogo, mahindi, ufuta na mikorosho, ila bahari iko mbali, na hata maji ya kunywa yana historia ndefu ya taabu huko juu. Pwani ina samaki, nazi na chumvi. Kwa hiyo ng'onda na dagaa wakavu wana safari ya kupanda, na makopa ya muhogo yana safari ya kushuka. Mchuuzi aliyekaa katikati hana haja ya kubuni kitu kigeni. Kazi yake ni kuwa daraja kati ya wenye uhaba wa kitu na wenye ziada yake.

Kisha ipo kalenda. Korosho zinapookotwa, mwishoni mwa mwaka, mkulima ana fedha mkononi, na huo ndio wakati wa vitambaa vya kapulana, sahani na sufuria. Ifikapo Februari, ghala limepungua na mahindi mapya hayajakomaa. Mteja yuleyule sasa anataka kipande cha sabuni badala ya mche mzima, na mafuta ya kupimiwa kwenye kichupa badala ya dumu. Huyo si mteja mbaya. Ni mteja anayetaka kipimo kinacholingana na mfuko wake, na mchuuzi anayemkatia sabuni kwa heshima atamwona tena wakati wa korosho. Kusi inapovuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviingii baharini kila siku, kwa hiyo aliyeweka samaki wakavu mapema ana cha kuuza.

Lakini hapa Cabo Delgado hesabu haiishii kwenye bei na msimu. Vita vya waasi vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 viliwang'oa watu makwao, hadi jumla yao ikapita milioni moja. Awasse ilipiganiwa kwa sababu ileile inayoifaa biashara: anayeshika njia panda ameshika njia zote. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Julai 2021, na mnamo tarehe 8 Agosti yakaingia mji wa Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi kwa karibu mwaka mzima.

Tumfikirie mama aliyerudi baada ya hayo, mwenye mtaji wa siku chache tu. Kwake yeye, faida kubwa si kipimo cha kwanza. Anajiuliza: kitu hiki kisiponunuliwa, watoto watakila? Nikiambiwa niondoke usiku huu, nitakibeba kichwani? Barabara ikifungwa wiki moja, kitaoza? Nyanya hushindwa maswali yote isipokuwa la kwanza. Sufuria haziozi, lakini haziliki, na ukizikimbia umekimbia mtaji wote. Makopa, maharage, dagaa wakavu na chumvi hujibu vizuri zaidi. Chumvi nayo yataka chombo chenye kifuniko, maana masika huifanya ivute unyevu.

Hii haina maana kwamba mali mbichi ziachwe. Anayeishi karibu na shamba lake anaweza kuuza mboga za asubuhi, mradi achume kiasi cha siku moja. Busara ni kuugawa mtaji: sehemu kubwa iwe kwenye vitu vinavyokaa, sehemu ndogo kwenye vile vinavyovuta macho ya wapitao, kama maandazi ya moto au ndizi mbivu. Na kila jioni ahesabu, hata kwa mistari ya mkaa ubaoni, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawaandikia hasa wanaotaka kuwasaidia waliorudi. Kabla ya kuwagawia wanawake hamsini mtaji wa bidhaa moja, kaeni nao kivulini muwasikilize. Mkiwapa wote nyanya, mmewafanya washindani ndani ya umaskini mmoja. Wao ndio wanaojua lori lipi hupita siku gani, na fedha huingia mifukoni mwezi upi.

Fungu la chumvi juu ya turubai linaonekana dogo. Lakini aliyelipanga amekwisha kupima umbali wa bahari, mvua ya kesho, mfuko wa mteja na uzito ambao shingo yake inaweza kubeba. Kuchagua kwake ni elimu, na inastahili kuheshimiwa kama elimu.