Rangi "ile ile" ilivyonila 165,000: somo la kijani iliyokolea



Leo naongea na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi rangi, na yeyote anayeuza kitu ambacho mteja atarudi kukidai "kama kile cha mwanzo". Nitawasimulia kosa langu mwenyewe ili lisiwakute.

Kuna mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ana fremu sita barabarani. Alizipaka kwa nje rangi ya maji, kijani iliyokolea. Sio ile ya jezi ya Yanga, ni ile ya giza ambayo wengi tunaiita kijani ya chupa. Fundi alipofika fremu ya nne, rangi ikaisha. Mimi nayo dukani imeisha, na wakala hana mpaka wiki ijayo. Mama ana wapangaji wawili wanataka kuingia Jumatatu.

Akaja na mfuniko wa ndoo. Juu yake kuna ile stika ya mashine: jina la rangi, herufi za dawa za rangi, na vipimo vya kila dawa. Nikajiona nimepata. Nikamwambia, "Mama usiwe na wasiwasi, nakuletea ile ile."

Nikaenda kwenye duka lenye mashine ya kampuni nyingine. Dogo anayeendesha mashine akaangalia stika, akasema, "Bosi, vipimo hivi ni vya kampuni nyingine. Hapa haitatoka sawa." Nikamwambia wewe weka tu, kijani ni kijani. Akaweka. Tulipofungua ndoo, chini ya taa za pale dukani, mbona inafanana kabisa! Nikalipa, nikaipeleka kwa fundi mwenyewe.

Asubuhi ya pili simu ikaita. Nimefika, jua limeshapiga ukuta. Fremu nne zina kijani yenye ubluu kwa mbali, mbili zina kijani inayoelekea kwenye majani makavu. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, si uliniambia ni ile ile?"

Aisee, bora angenitukana.

Hesabu yake ni hii. Kwenye ile ndoo nilipata faida ya 15,000. Kurekebisha nilitoa ndoo nyingine iliyonigharimu 105,000, na fundi siku mbili 60,000. Jumla 165,000. Yaani faida ya ndoo kumi na moja imeondoka kwa sababu ya neno moja: "ile ile".

Baada ya hapo nilirudi kwa yule dogo, safari hii kwa adabu, nikamuomba anifundishe. Haya ndiyo niliyoyapata kwake na kwa mafundi, na mengine nimeyajaribu mwenyewe.

1. Vipimo vya kampuni moja havihami kwenda nyingine.
Rangi ya mashine ina vitu viwili: rangi mama iliyomo kwenye ndoo, na dawa zinazodondoshwa ndani. Kila kampuni ina rangi mama yake na dawa zake. Nyeusi ya huku inaweza kuwa kali kuliko nyeusi ya kule. Ukihamisha vipimo ni sawa na kupika kwa kipimo cha pilipili cha jirani wakati pilipili zenu hazilingani ukali.

2. Kijani iliyokolea ni ngumu kuliko nyeupe au krimu.
Mara nyingi ndani yake kuna kijani, nyeusi na njano kidogo, kwenye rangi mama isiyo na weupe wa kutosha au isiyo nao kabisa. Njano ikizidi kidogo inakwenda kwenye majani makavu, ikipungua inakwenda kwenye bluu. Na kwa kuwa weupe ni mdogo, rangi hii inafunika taratibu. Ukuta wa chini ukiwa mweupe, mkono mmoja utaacha mawingu, na mteja atasema rangi sio yenyewe kumbe haijafunika. Mshauri aanze na praima ya kijivu, halafu mikono miwili au zaidi.

3. Jina sio rangi.
Kampuni mbili zinaweza kuandika jina moja kwenye chati zao, na ndani ya makopo ni vitu viwili tofauti. Cha kuuliza ni namba. Wajerumani walianza mfumo wa RAL mwaka 1927 wakiwa na rangi 40, na leo namba zake zinatumika sehemu nyingi duniani kwenye mabati, milango ya chuma na rangi za kupaka. Kwa kijani za giza utakutana na RAL 6005, 6007 na 6009, na zote tatu hazifanani. Waingereza nao wana mfumo wao, BS 381C, ambao namba 227 ni kijani ya giza. Mteja akija na namba, kila kampuni inatumia vipimo vyake yenyewe kuifikia rangi hiyo. Namba inakuonyesha unakokwenda, vipimo ni njia, na kila kampuni ina njia yake.

4. Kama hakuna namba, leta kipande.
Mwambie fundi abandue kipande cha rangi ukutani, ukubwa wa kiberiti, kikiwa safi na bapa. Maduka yenye kifaa cha kusoma rangi yatakisoma na kutafuta vipimo kwa dawa zao. Ila angalia kimetoka wapi. Ukuta uliopigwa na jua miaka mitatu umepauka, kwa hiyo kipande cha juani na cha kivulini vitasoma tofauti. Chukua pale ambapo rangi mpya itakutana na ya zamani.

5. Mng'ao unadanganya macho.
Rangi isiyong'aa inaonekana imepauka kidogo, inayong'aa inaonekana nzito zaidi, hata kama zimechanganywa kufikia namba moja. Kwenye rangi za giza tofauti hii inaonekana haraka. Kwa hiyo usiulize rangi tu, uliza pia kama ya kwanza ilikuwa inang'aa, nusu, au haing'ai. Na kumbuka, ya maji na ya mafuta hazichanganywi ndoo moja.

6. Jaribu kidogo, ikauke, itazame nje.
Hili ndilo lingeniokoa. Agiza lita moja kwanza. Paka mikono miwili kwenye kipande cha boksi, acha ikauke vizuri, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko ikikauka. Kisha kibebe kile kipande mpaka kwenye ukuta wenyewe, ukitazame asubuhi na jioni. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kuachana juani. Mteja mwenyewe aone, akubali kwa mdomo wake, ndipo uagize ndoo ya lita 20. Ikishawekwa dawa, ndoo haina wa kumrudishia.

7. Ficha maungio.
Hata ukipatia vizuri, kampuni mbili zikikutana katikati ya ukuta jicho litaona. Fundi aanzie kwenye kona, nguzo au mfereji wa maji. Kwa yule mama tuliishia kwenye nguzo kati ya fremu ya nne na ya tano, na mpaka leo ukipita hapo hugundui. Na kama ndoo ni zaidi ya moja, hata za kampuni moja na namba moja, zichanganye kwanza kwenye chombo kikubwa kabla ya kuanza kupaka.

Sasa hivi dukani kwangu nina daftari la rangi. Kila mteja wa rangi ya mashine naandika tarehe, kampuni, namba, mng'ao na lita alizochukua, na stika naipiga picha. Mteja akirudi baada ya mwaka akisema "nataka ile ya geti langu", sibahatishi. Pia namshauri aongeze lita moja ya akiba tangu mwanzo. Wengine wanadhani natafuta mauzo. Nawasimulia habari ya fremu sita, wanaongeza wenyewe.

Na lile neno nimeliacha. Mteja akiniuliza kama kampuni hii itatoa ile ile, namjibu: "Inaweza kukaribia sana. Tupake kwenye boksi kwanza, tuone juani." Wapo wanaokasirika na kwenda duka la pili. Waende. Kupoteza faida ya 15,000 leo kunauma kidogo, lakini najua uchungu wa 165,000 ulivyo.

Ile ndoo niliyokosea bado ilikuwa na nusu. Nimepakia mlango wa nyuma wa duka langu, upande wa ndani. Kila nikifunga jioni naiona.

Una mwenzio anayeuza rangi au fundi unayemtumia? Mtumie hii asome kabla hajamwambia mteja "ile ile". Tukutane kwenye somo lijalo, na biashara njema.